Kiapo cha Zimwi la Chemchemi

Ngano, ngano!
— Itoke!
Itoke wapi?
— Palipofichika!
Iwe tamu?
— Iwe tamu!
Ikiwa chungu?
— Tutaimeza hivyohivyo!

Haya, sogeeni. Ya leo ni chungu, na mwenye machozi ya karibu akae nyuma.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, palikuwa na mjane akiitwa Namkunda. Alikuwa na watoto wawili, Senkondo wa kiume na Nambua wa kike. Alikuwa na mbuzi, alikuwa na kuku. Alikuwa na kihenge cha mtama na kihenge cha kunde. Hakuwa tajiri, lakini moshi wa jiko lake haukukosekana.

Kukaja kiangazi. Mito ikakauka, visima vikakauka, hata mate ya watu yakakauka. Wanakijiji wakafunga mizigo wakateremkia bondeni. Namkunda hakuweza kwenda, kwa maana Nambua alishikwa na homa na hakuweza hata kukaa. Kijiji kikabaki kimya, mjane na watoto wake tu.

Siku moja Nambua akasema, "Mama, maji." Mama akainamisha mtungi, hamna kitu. Mtoto akasema tena, "Mama, maji." Mara ya tatu midomo ilicheza tu, sauti haikutoka.

Namkunda akachukua mtungi akapanda majabalini, kwenye chemchemi ambayo watu walikatazwa. Chemchemi ile ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe ni zimwi.

"Nani huyo?" likauliza zimwi kutoka ndani ya mwamba.

"Ni mimi, Namkunda. Mwanangu anakufa kwa kiu."

"Maji ninayo, na sinyimi mtu. Ila anayekunywa maji yangu amekuwa jirani yangu. Nami nikiona njaa, hula kwa jirani."

Namkunda akaushika mtungi kwa mikono miwili. "Basi uniapie kwamba hutanidhuru."

Zimwi likacheka ndani kwa ndani. Likaapa mara tatu:

"Sitakula mbuzi wako na kuku wako!
Sitamaliza mtama wako na kunde zako!
Sitamchukua Senkondo na Nambua!
Nikivunja, mwamba huu unifunike."

Juu ya jiwe alikuwa amekaa pimbi, anaota jua. Akasema, "Mama Senkondo, hicho kiapo kina mlango."

"Mlango gani?"

"Kisikilize vizuri. Mwambie aape upya."

"Ewe pimbi, nina mtoto anakata roho, unanifundisha maneno?" Namkunda akainamisha mtungi, ukajaa, akashuka mbio.

Nambua akanywa. Senkondo akanywa. Mama akanywa. Homa ikaondoka, na jioni ile mtoto akacheka. Namkunda akaona kheri imeingia nyumbani.

Siku zikapita. Mchana mmoja, jua likiwa la utosi, upepo ukasimama. Namkunda akasikia kishindo zizini. Alipofika alikuta ngozi za mbuzi tu zimetandazwa, mbichi. Kuku walikuwa uani wakichakura kama hapakutokea kitu.

Akapanda majabalini analia, mtungi mkononi. "Ewe zimwi, uliapa!"

"Niliapa sitakula mbuzi na kuku. Je, kuku wako wapi?"

"Wapo."

"Basi nimekula mbuzi na kuku?"

 Namkunda akarudi kinyumenyume. Pimbi akamwita, "Mama Senkondo, sasa umeuona mlango? Angesema sitakula mbuzi wala kuku, angejifunga kote kuwili. Aliposema mbuzi na kuku, amejikataza vyote kwa pamoja. Kimoja amejiachia."

Namkunda akasimama. Akakikumbuka kiapo, neno kwa neno, mpaka pale mwisho. Mtungi ukamponyoka mkononi, ukapasuka.

Akakimbia nyumbani. "Inukeni wanangu, twendeni bondeni!" Wakatoka bila kuangalia nyuma. Lakini walipofika ukingoni mwa kilima, yale maji yakawa mazito tumboni kama mawe. Senkondo akaanguka. Nambua akaanguka. Mama akatambaa mpaka magoti yakachubuka, asiweze kuvuka. Wakarudi, na kila walipokaribia nyumbani matumbo yakawa mepesi.

Mchana mwingine, jua la utosi, upepo ukasimama tena. Kihenge cha mtama kikafagiliwa hata punje isibaki. Kunde zilikuwepo, zote. Namkunda safari hii hakulia. Aliwaangalia watoto wake wakila kunde, akamwangalia huyu, akamwangalia huyu, chakula kikamshinda.

Akapanda kwa zimwi. Akapiga magoti.

"Apa upya. Nakuomba."

"Kiapo kikishanywewa maji hakirudiwi. Lakini wewe ni jirani yangu, nakuonea huruma. Chagua mwenyewe. Senkondo au Nambua?"

"Sikupi Senkondo wala Nambua!"

Zimwi likacheka mpaka kokoto zikaporomoka. "Sasa ndiyo umejua kusema. Umechelewa."

Namkunda akashuka polepole, anawaza. Kama zimwi limekatazwa kuwachukua wote wawili, basi wawili wawe kitu kimoja. Alipofika nyumbani akaziloweka ngozi za mbuzi zikalainika, akazikata, akasokota ukanda. Akamfunga Senkondo kiunoni, akamfunga Nambua kiunoni, ukanda mmoja, fundo juu ya fundo.

"Wanangu, msifungue wala msilegeze. Mlale hivyo, mle hivyo, mcheze hivyo."

Jua la utosi, upepo ukasimama. Zimwi likaja likiimba:

"Wa kiume nimemwona,
Wa kike nimemwona,
Mmoja wako, mmoja wangu."

Likamkamata Senkondo mkono, likavuta. Nambua naye akaja. Mwamba kule juu ukanguruma. Zimwi likamwachia, likaondoka linafoka.

Likaja mara ya pili, likaimba vilevile. Likamkamata Nambua mguu, likavuta. Senkondo naye akaja. Mwamba ukanguruma, vumbi likatimka. Zimwi likamwachia.

Namkunda akapumua. Akasema moyoni, nimelishinda kwa kiapo chake lenyewe. Hata usingizi ukaanza kumjia.

Lakini ngozi mbichi ikikauka hukaza. Ukanda ukamkaza Senkondo, ukala nyama ya kiuno. Mtoto hakusema. Kila mama alipomuuliza, "Unaumia?" alijibu, "Siumii, mama." Inzi ndio waliojua.

Asubuhi moja Namkunda akaenda kuteka maji kwa kibuyu, kwa maana maji mengine hayakuwepo. Akakawia njiani, akichimba mizizi ya kula. Alipoinua macho, jua lilikuwa la utosi. Upepo ulikuwa umesimama.

Alitupa mizizi, akakimbia. Alipofika uani alimkuta Nambua amekaa peke yake. Ukanda ulikuwa kiunoni mwake, na ncha ya pili imelala mchangani.

"Nani amefungua?"

"Mimi, mama." Nambua akaishika ncha ya ukanda. "Kaka alikuwa anaumia. Nikamwambia, nikulegezee kidogo. Akasema, mama amekataza. Nikamwambia, kidogo tu, halafu nitakaza tena. Kulikuwa na damu, mama."

Namkunda aliinua mkono. Mkono ukakaa juu, ukakaa. Kisha ukashuka taratibu kichwani kwa mtoto, ukabaki hapo.

Akapanda majabalini. Akaupiga mwamba kwa ngumi mpaka damu ikamtoka. "Nirudishie mwanangu!"

"Nimevunja kiapo?" likauliza zimwi.

Namkunda akaupiga mwamba tena.

"Nakuuliza, jirani. Nimevunja?"

"Hujavunja."

"Basi tusilaumiane."

Kesho yake chemchemi ilikuwa imekauka, na ndani ya mwamba hapakuwa na sauti. Zimwi lilikuwa limehama na mtu wake, na hakuna aliyejua limekwenda upande gani. Hata pimbi hakujua. Aliona aibu kwamba aliujua mlango asiutaje mapema, akaingia pangoni.

Kabla maji ya kibuyu hayajaisha, mvua zikarudi. Watu wakapanda kutoka bondeni na mizigo yao, wakiimba. Wakamkuta Namkunda analima na Nambua. Mama mmoja akauliza, "Shoga yangu, na Senkondo je? Naona kiangazi kimemchukua, pole sana. Tuonyeshe kaburi tukaweke jiwe."

Namkunda akainua jembe, akakata udongo, akalitua.

"Kaburi halipo," akasema. "Sijamzika wala simpati."

Akaendelea kulima. Wale wanawake waliokuwa wakiimba wakashika majembe yao, wakalima naye mpaka jua likatua. Hakuna aliyemuuliza tena.

Ngano yangu imefika mwisho wa njia, nami nimeutua mzigo. Mafunzo yake ni haya: mtu akikuapia, usisikilize sauti yake, sikiliza viungo vya maneno yake, kwa maana neno dogo hubeba mtu mzima. Na kiu isikuzibe masikio, ingawa najua huziba.

Mimi tangu nianze kusimulia sijala wala sijanywa. Nimesema wala, mmesikia? Basi msiniletee maji peke yake.