Zamu ya Bibi Nguchiro

Ngano hii aliisimulia kwanza Nyamizi binti Kasubi wa Urambo, mwaka ule mvua zilipochelewa, watu wakipukuchua mahindi. Alianza hivi.

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kichuguu, kirefu kama nyumba, ndani kitupu.

Hapo zamani za kale kichuguu hicho kilikuwa dola ya mchwa. Vyumba elfu, malkia mmoja, askari wasiohesabika. Dola ikafa. Zikapita zama na zama, nguchiro wakahamia humo. Wakazaa, wakalea, wakazaa tena.

Nguchiro wana desturi yao. Wakila, mmoja hali. Hupanda juu ya kichuguu, husimama kwa miguu miwili, hutazama juu, hutazama chini. Wenzake wakishiba hushuka, mwingine hupanda.

Kisha akaja Hondohondo, ndege wa mdomo mkubwa. Akawaambia wale tu, yeye atalinda. Wao wamwachie nzige wanaoruka. Wakafurahi. Zamu ikafa. Aliyenung'unika ni Bibi Nguchiro peke yake, kikongwe asiye na meno, mwenye wajukuu watatu ambao hata macho walikuwa hawajafungua.

Bibi akawaeleza habari za mchwa. Nao walishiba, akasema. Wakachoka kulinda milango yao, wakawapa siafu kazi hiyo, kwa malipo ya chakula. Askari wa mchwa wakakaa, wakakaa, hata wakasahau kuuma. Siku siafu walipogeukia ndani, hakuna aliyejua kupiga kelele.

"Mama nawe," akasema binti yake, "hao walikuwa mchwa. Sisi tuna meno."

"Nao walikuwa nayo, mwanangu."

Wakacheka. Mmoja akamuuliza kama alipata kula sahani moja na huyo malkia. 

Asubuhi yake wenzake wakaenda kula, chaka, chaka, chaka, majanini. Bibi akapanda kichuguu, pole pole, magoti yakilia ko, ko, ko. Akasimama. Njaa ikamuuma. Akasimama.

Mara majani yakatikisika, swaa, swaa. Ni fira, nyoka wa sumu, anaelekea mlango wa chini, walikolala vitoto. Hondohondo alimwona kutoka tawini. Akamwona, akaendelea kuchambua manyoya yake.

Bibi akapiga kelele: chii, chii, chii! Nguchiro wakaja mbio, manyoya yamesimama. Huyu akavuta mkia, yule akarukia kichwa. Fira akaona shari, akarudi majanini.

Wakamwuliza Hondohondo mbona alinyamaza.

"Mwewe hajapita," akajibu. "Mwewe hunila nami; nyoka ni wenu."

 Binti yake Bibi akaingia ndani, akawanusa watoto mmoja mmoja, wote watatu. Akatoka, akapanda hadi alipo mama yake, bado amesimama.

"Shuka ule, mama," akamwambia. "Nimekutafunia panzi. Hapa nitasimama mimi."

Basi enyi wakubwa na wadogo, dola haifi siku adui anapoingia. Huanza kufa siku wenyewe wanapochoka kuwalinda watoto wao. Na sisi wa leo, wenye mageti na walinzi wa kukodi, hatuwazidi mchwa kwa lolote tukiisahau zamu yetu.

Ngano yangu imefika ukingoni, na hapa naitua. Bibi alikufa kwa uzee, usingizini, baada ya masika mawili. Hondohondo yu hai, bado anapenda nzige. Binti yu hai. Wajukuu wote watatu wako hai.