Madoa kwenye Gari la Ntandu

Jua hukausha, halifuti. Mmenisikia nikipiga kelele hivyo kutoka jikoni, mkadhani ni ukali wa uzee tu. Tausi, endelea kulifuta gari huku unasikiliza, maji hayana subira. Mkumbo, wewe ndiye uliyeuliza msemo huu umetoka wapi, basi weka ndoo chini nikuambie, ingawa si hadithi ya kuchekesha. Haukutoka kwa wahenga. Mtu wa kwanza kuusema alikuwa mdogo wangu Ntandu, na aliusema akiwa ameinamia boneti ya gari lake, machozi yanamtoka. Chanzo chake ni hiki.

Ntandu alikuwa dereva wa lori la pamba kwa miaka ishirini na sita. Alipoacha kazi alinunua gari dogo jeusi, limetumika lakini zima. Enzi hizo mtaa wetu huu haukuwa na gari jingine la kumpeleka bibi harusi, basi likawa gari la kila mtu. Mwenye harusi alikuja na utepe wake, mwenye mgonjwa alikuja na mkeka wake, naye hakumkatalia mtu. Mali yake duniani ilikuwa gari hilo, na mtoto wake alikuwa mmoja, binti aliyeitwa Siwema. Mama yake Siwema alifariki mtoto akiwa darasa la tano. Ntandu hakuoa tena.

Maji ya kisima chetu mnayajua. Chai ina chumvi kabla hujatia sukari, na sufuria mpya huota ukoko mweupe kabla ya mwezi kwisha. Ntandu aliyajua kuliko wote. Gari aliliosha alfajiri, jua halijatoka, upande wa nyumba wenye kivuli. Alianzia juu akashuka chini, kipande kimoja kimoja, na akimaliza kipande alikisuuza kwa maji ya mvua aliyokinga kwenye pipa, akakifuta papo hapo kwa kitambaa laini, kisha ndipo akaenda kipande kingine. Majirani walimcheka. Walisema hata mkewe hakuwahi kumfuta hivyo. Yeye aliwajibu, "Hili jeusi halifichi kitu."

Sasa, sisi wengine hatukulelewa hivyo. Hapa kwetu chombo kikioshwa huanikwa kichanjani, jua limalize kazi. Vikombe vyetu vyote vilikuwa na ukungu mweupe na hakuna aliyejali, chai ilipita vizuri tu. Na ugomvi tuliufanyia vilevile. Watu wakitupiana maneno nyumbani, kila mtu alikaa kimya, siku mbili tatu zikapita, watu wakaanza kusalimiana, mambo yakaisha. Marehemu mama yetu akiona watoto wamenuna alisema, "Waacheni, jua litakausha." Tulikua tukiamini hivyo. Mkubwa kumwomba radhi mdogo? Sijawahi kuliona jambo hilo nyumbani kwetu.

Ilikuwa Jumamosi ya harusi ya binti wa Mzee Mghenyi. Gari lilitakiwa saa nane mchana. Usiku wa kuamkia siku hiyo Ntandu alishikwa na homa, na asubuhi hakuweza kuinuka kitandani. Siwema alikuwa na miaka kumi na tisa, amepata nafasi ya chuo cha uuguzi kule Tabora, na zilibaki wiki mbili aondoke. Alimwona baba yake anatetemeka chini ya blanketi, akamhurumia. Akaamua kuliosha gari yeye, baba akiamka alikute tayari.

Pipa la maji ya mvua hakuligusa. Kwake lilikuwa kitu cha baba, hakigusiki bila ruhusa. Akachota kisimani ndoo nane, saa sita ya mchana, jua la utosi. Akaliosha gari kwa sabuni, akalimwagia maji mpaka likameremeta, akasimama kulitazama akafurahi. Kisha akaliacha pale pale uwanjani likauke, kama anavyoacha sahani, akaenda kumpikia baba yake uji.

Mimi nilikuwepo. Ntandu alitoka ndani saa nane kasoro, amejifunga shuka, wenye harusi wameshajaa uwanjani na utepe wao na maua. Gari lilikuwa limetapakaa madoa meupe kuanzia juu mpaka milangoni, kama mtoto mwenye surua. Bati lilikuwa la moto, hushiki. Mwanamke mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza kama ndilo gari lenyewe au wasubiri jingine. Watu wakacheka.

"Nani kafanya hivi?" Ntandu akauliza.

Siwema akatoka jikoni na bakuli la uji mkononi. "Mimi, baba. Nilitaka upumzike."

Laiti homa ingemzuia kitandani nusu saa zaidi. Mdogo wangu hakuwa mtu mkali, nawaapieni. Lakini alikuwa mgonjwa, ameaibika, na watu wanacheka.

"Itazameni mikono hii!" akasema, akaushika mkono wa binti yake akauinua juu watu wauone. Bakuli likaanguka, uji ukamwagika. "Haijui kitu ila kuharibu. Na hii ndiyo inakwenda kushika wagonjwa! Utaua watu wewe."

Hakuna aliyecheka tena. Siwema aliokota bakuli akarudi jikoni. Wenye harusi walifunga utepe juu ya madoa, bibi harusi akapelekwa, vigelegele vikapigwa, na kufika jioni hakuna aliyekumbuka gari lilikuwaje. Ilikuwa harusi nzuri tu.

Kesho yake asubuhi Ntandu alikuja kwangu. Homa ilikuwa imeshuka. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai.

"Dada Zaituni," akasema, "jana nimesema maneno mabaya. Sikulala. Nataka nimwendee mtoto nimwambie nimekosa."

Nami nilikuwa napepeta mchele. Hata ungo sikuuweka chini.

"Umwombe radhi mtoto uliyemzaa? Ukianza hivyo leo, kesho atakupanda kichwani. Yule ni binti yako, haendi popote. Acha. Jua litakausha."

"Lakini aliniangalia vibaya sana, dada."

"Litakausha, nakuambia."

Mimi ndiye mkubwa wake. Mama alipokufa mimi ndiye niliyemlea. Akainama kidogo, akasema haya, akaondoka. Ndivyo nilivyofanya, wajukuu zangu, na nilirudi kupepeta mchele wangu nikajiona nina busara.

Na kweli, jua likakausha. Siku ya tatu Siwema alimwamkia baba yake kama kawaida, "Shikamoo baba," naye akaitika marahaba. Alipika, alifua, alifunga sanduku lake. Siku ya safari Ntandu alimsindikiza stendi, akamwambia asome kwa bidii, akajibu ndiyo baba. Mimi nilimwambia Ntandu, "Umeona?" Barua zake zikawa zinakuja, fupi, zote sawa. Mimi mzima, hofu ni kwenu, nisalimie shangazi. Likizo ya kwanza hakuja. Likizo ya pili hakuja.

Gari nalo Ntandu hakuligusa wiki zile mbili. Kila akilitazama aliona aibu, akalifunika turubai. Siwema alipoondoka ndipo akalifunua, akaanza kazi. Akaliosha kwa maji ya mvua, madoa hayakutoka. Akachanganya siki na maji ya mvua, nusu kwa nusu, akalowesha kitambaa, akakilaza juu ya doa dakika chache, akafuta, akasuuza. Milangoni yakatoka mengi. Boneti na paa, pale jua lilipopiga, yalififia tu. Akajaribu ndimu. Mwishowe akalipeleka kwa fundi wa rangi mjini, naye akalisugua kwa dawa ya kung'arisha nusu siku, kisha akaweka kitambaa chini.

"Mzee, hapa nikiendelea nitafika kwenye bati," akamwambia. "Chumvi ikishachomwa na jua, inaila rangi. Haipo juu tena, imeingia. Ungefuta siku ile ile, hata kwa kitambaa na siki yako, isingebaki alama."

Ntandu aliniletea maneno hayo kama habari ya gari tu. Nami niliyasikia hivyo.

Mwaka wa pili ulipokuwa unaisha, kijana wa Mzee Mghenyi alirudi kutoka Tabora, akatuambia amemwona Siwema. Hayuko chuoni. Aliacha mwaka ule ule wa kwanza. Anaosha vyombo kwenye mgahawa karibu na stesheni ya reli.

Tulikwenda Ntandu na mimi, kwa gari lile lile. Njia nzima madoa ya boneti yalikuwa mbele ya macho yetu mpaka tunafika.

Tulimkuta uani nyuma ya mgahawa, amechuchumaa kwenye mabeseni. Amekonda. Kilichonishtua kuliko kukonda ni hiki: alikuwa akitoa sahani majini anaifuta pale pale, moja moja, kwa kitambaa, mbele na nyuma, kabla hajachukua nyingine. Kichanja kilikuwa tupu karibu yake. Alituamkia, akatuwekea vigoda.

"Kwa nini hukutuambia, mwanangu?" Ntandu akauliza.

"Ningesema nini, baba? Siku ya kwanza nilipopewa sindano, mgonjwa akaninyooshea mkono, nikakusikia. Nikatetemeka. Mwalimu akasema ni woga wa mwanzo, utapita. Haukupita. Siku moja nikamchoma mtoto mara nne, sikuupata mshipa. Mama yake akanipokonya mkono wa mtoto wake, akaniuliza, nani alikudanganya wewe ni muuguzi? Nikavua sare siku hiyo hiyo."

Ntandu akapiga goti. Mzee mzima, kwenye sakafu yenye maji ya vyombo. "Nilikosa, Siwema. Nilikosa siku ile ile. Nisamehe."

Siwema alimshika mabega akamwinua haraka, maana haivumiliki kuona hivyo. "Inuka, baba. Nilishakusamehe kabla sijapanda basi. Sina kinyongo na wewe hata kidogo. Ni kwamba hayatoki."

"Rudi chuoni. Nitauza gari."

"Nimejaribu, baba. Mikono haitaki." Akaitazama, imejikunja kwa maji na sabuni. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Jumapili ile, siku ya pili ya harusi. Ulitoka kwa shangazi. Nilikuwa jikoni, nilisikia viatu vyako vinakuja mpaka mlangoni. Nikaacha kupuliza moto nikasubiri. Nikasema, akiingia tu, hata asiposema kitu, akanishika mkono tu, basi. Ukasimama, ukarudi. Kwa nini ulirudi, baba?"

Ntandu alinitazama mara moja. Mara moja tu, kisha akaangalia chini.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Ujinga wangu."

Na mimi nilikuwa nimekaa pale, kwenye kigoda, mdomo ninao. Nilinyamaza.

Tulirudi bila yeye. Tulipofika nyumbani Ntandu hakuingia ndani. Alichota maji ya mvua, akachukua kitambaa chake, akaanza kuisugua boneti, doa moja baada ya jingine, ingawa alijua hayatoki. Nilimfuata nikamwambia, mdogo wangu, acha, umechoka na safari. Akaendelea kusugua. Machozi yake yalikuwa yanadondokea kwenye bati, naye kila yakidondoka anayafuta. Ndipo akasema, bila kuniangalia:

"Dada, jua hukausha. Halifuti."

Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine mpaka anakufa, mwaka wa nne baada ya safari ile. Majirani walimsikia, wakauokota msemo wake, ukasambaa. Sasa unasikika kwenye vikao vya ndoa, kwenye baraza la mtaa, watu wakigombana huambiwa msilaze jambo, jua hukausha, halifuti. Wengi hawajui hata kwamba kulikuwa na gari.

Mnataka kujua Siwema yuko wapi. Yuko Tabora bado, mgahawa ni wake sasa. Alikuja kumzika baba yake, akaifuta picha yake vumbi akaiweka ukutani, akarudi. Sindano hajashika tena. Kila sikukuu ya Idi ananipigia simu. "Shikamoo shangazi." Nami naitika marahaba, namuuliza habari za mvua, ananiambia mvua zipo, au hazipo. Kila Idi najiambia safari hii nitamwambia. Kwamba mlangoni pale baba yake hakurudishwa na ujinga wake, alirudishwa na mimi. Kwamba alikuwa anakuja kumwomba radhi. Miaka kumi na tisa sasa. Anacheka nami, ananiombea afya, na mimi naona mambo yametulia, nasema ya nini kumwamshia machungu, nakata simu.

Basi msiniulize tena kwa nini napiga kelele nikiona gari limeachwa uwanjani linachuruzika maji. Mkumbo, chukua kitambaa kingine, umsaidie mwenzako upande wa paa. Jua hukausha, halifuti.