Mtemi Mahona na Kodi ya Wapiga Mishale

Alikuwako mtemi aliyeitwa Mahona, mwenye nchi pana na sifa pana zaidi, nyingi alizojimwagia mwenyewe. Jirani yake, mwanamke aliyeitwa Nyanzobe, alitawala kilima kimoja tu, lakini wapiga mishale wake walikuwa wameshatimua majeshi makubwa. Siku moja Mahona akamwita ikulu na kumdai kodi ya utii.

Nyanzobe akapiga magoti. "Mtemi, chukua ng'ombe, chukua chumvi. Ila wapiga mishale wangu, nakusihi, niachie."

Mahona hakuwa amewafikiria kabisa, lakini papo hapo akaona hakuna kitu kingine anachokitaka duniani.

"Kumbe ndipo panapouma! Basi nawataka hao hao, kundi moja kila mavuno. Watalinda ikulu yangu."

"Utaniua, baba," Nyanzobe akalia.

Mahona akacheka hadi akapaliwa. Kila mavuno vijana wa kilimani walifika wakiimba, naye kwa busara zake akawa anawafukuza walinzi wake wa zamani, eti wanakula sana.

Alipomfukuza wa mwisho, Nyanzobe akaja peke yake. Akamkuta Mahona anakula, akaketi bila kukaribishwa.

"Nimekuja kudai kodi," akasema.

"Walinzi!" Mahona akanguruma. "Mtoeni nje huyu mwanamke!"

Walinzi wakafunga mlango. Mkubwa wao akainama kwa adabu mbele ya Nyanzobe.

"Mama, tumtoe sasa hivi, au tumwache kwanza amalize kula?"