Kibao Kilichosimamishwa Mara Tatu

Wapendwa, kaeni. Najua baada ya ibada tuna uchaguzi wa kamati ya kuchangisha kwa ajili ya kituo chetu cha wazee, na najua majina yameshaanza kunong'onwa huko mabenchi ya nyuma. Endeleeni tu kunong'ona, nawasikia. Mimi nawaomba dakika chache kabla ya kura, niwape mfano. Umenikaa kifuani juma zima na sijui pengine pa kuuweka.

Palikuwa na kituo kimoja kando ya barabara kuu, huko kwenye milima yenye baridi, ambako watoto wenye miguu dhaifu walipelekwa kufanyishwa mazoezi ili watembee. Hakikuwa kikubwa. Vyumba viwili, banda moja la bati, na ndani ya banda fito mbili ndefu zilizofungwa sambamba, mtoto anashika huku na huku, anajikongoja katikati. Kituo kilikuwa na kamati ya watu saba wenye makoti yao ya vikao, na mfanyakazi mmoja, mwanamke aliyewajua watoto wote na mama zao wote. Watu walimwita dada wa mazoezi.

Watu wa mfano huu sitawataja majina, maana mkianza kubuni ni nani hamtanisikiliza tena. Nitamtaja mmoja tu, kwa kuwa yeye hana kosa. Mtoto aliitwa Sekela.

Mama yake alimleta mgongoni akiwa na miaka minne, magoti yamejikunja, hayanyooki. Dada wa mazoezi akayanyoosha kidogo kidogo, asubuhi kwa asubuhi. Mtoto analia, mama analia, dada naye anageukia ukutani kufuta macho. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa wamekiletea kituo vyuma vya miguu, vile vyembamba vyenye mikanda ya ngozi, vinavyoushika mguu usijikunje. Sekela akavalishwa. Alipofika miaka sita alitembea kati ya zile fito hatua kumi na moja. Mama yake alizihesabu kwa sauti, na ilipofika ya kumi na moja banda zima likapiga vigelegele.

Sasa njooni barabarani, mkione kibao.

Wafadhili wale walikuwa waungwana. Waliandika barua mapema: muda wetu umekwisha, tumefurahi kufanya kazi nanyi, tafuteni wengine wa kuwashika mkono. Mwenyekiti akaisoma kikaoni, akaikunja, akaifungia kwenye droo. Kwa nini? Kwa ajili ya kibao. Pale barabarani kilisimama kibao cha bati, kirefu kuliko mtu, kimeandikwa jina la kituo, na chini yake maneno makubwa: KINAFADHILIWA NA MARAFIKI ZETU WA NG'AMBO. Tena ikachorwa pale mikono miwili inayosalimiana. Kibao kile ndicho kilichompa mwenyekiti kiti cha mbele kwenye harusi na kwenye misiba. Je, wewe ungekitoa? Usinijibu haraka, mama, nimekuona unatikisa kichwa.

Mwaka uleule upepo ukakiangusha. Ng'ambo ya barabara, kukitazama kituo, palikuwa na fundi wa kuchomelea, mtengeneza mageti na madirisha. Mwenyekiti akamwita. Fundi akaja na mashine yake, akakinyoosha kibao, akachomelea nguzo, akapaka rangi upya hata ile mikono. Alipomaliza akauliza, kwa adabu tu:

"Mzee, wafadhili wenu hawajambo?"

"Hawajambo kabisa," akasema mwenyekiti. "Wapo."

"Mshukuruni Mungu. Ninyi mna watu."

Fundi akavuka barabara akarudi kwenye mageti yake. Hakudanganya yeye. Alikisoma kibao alichokipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini mtoto, ndugu zangu, haelewi habari za wafadhili. Mtoto anakua. Sekela akarefuka, vyuma vikabaki vilevile. Vikaanza kumbana chini ya goti, vikamchubua. Siku moja dada wa mazoezi akaingia kwenye kikao navyo mkononi, akaviweka mezani katikati ya sambusa.

"Mwenyekiti, hivi vimempungukia mtoto kwa upana wa vidole vinne. Bila vyuma goti litarudi kujikunja, na likizoea hivyo halinyooki tena."

"Tumeshaandika, dada yangu. Tumeomba vifaa mbalimbali."

"Vifaa gani, mwenyekiti?"

"Vifaa mbalimbali."

Nimewahi kuziona barua za namna hiyo. Pengine hata mimi nimewahi kuziandika. Zina mhuri, zina nembo, zina salamu ndefu za kupendeza, na anayezisoma hafahamu mwandishi anataka nini hasa. Katika ile ya kamati liliombwa gari. Ikaombwa mashine ya kutoa nakala. Goti la Sekela halikutajwa hata mstari mmoja.

Dada hakuondoka. Akasema, "Basi niruhusuni nivuke barabara. Niwaambie majirani ukweli kwamba hatuna mtu, tuone."

Kamati ikacheka, kile kicheko cha watu wenye aibu. Mwenyekiti akasema, "Uvuke barabara ukaombe kwa nani? Watu wa hapa wana nini? Tena watasema tumefilisika. Sisi tunaomba kwa heshima, kwa barua."

Na mezani pale, wapendwa, alikuwapo mjumbe mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kushona makubazi ya ngozi. Ngozi! Mikanda ya vile vyuma ilikuwa mbele ya macho yake, imechakaa. Akaitazama, akachukua sambusa. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemwambia, "Wewe, hii ni kazi yako." Alikaribishwa kwenye kamati ili kiti kisiwe kitupu, naye akakikalia.

Kikao kikafungwa kwa sala. Wakamwomba Mungu awainue wafadhili. Mimi sikatai sala, ndiyo kazi yangu. Ila nawaza Mungu alisikia nini siku ile, maana alikuwa ameshamweka mtu hatua thelathini kutoka pale, na sauti ya mashine yake ilikuwa inaingia dirishani wakati wanaomba, mpaka mmoja akainuka akafunga dirisha.

Mwaka wa pili lori likakigonga kibao. Fundi akaitwa. Mwaka wa tatu nguzo zikaoza chini, na mwenyekiti akataka kiinuliwe zaidi kionekane kutoka kwenye kona. Fundi akaitwa. Kila alipouliza akajibiwa: hawajambo, wapo. Na kila mtu aliyepita njia ile, mama mwenye debe la viazi la ziada, mwalimu mstaafu mwenye nafasi na nguvu, vijana wa kwaya wanaotafuta pa kuimbia, akakisoma kibao na kusema moyoni: wale wana watu wao, acha nipeleke kwingine.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii wanakamati wote saba waliijua, tena mmoja wao aliipenda kuitumia kwenye hotuba.

Mwisho ulikuja, kama unavyokuja kwa nyumba isiyo na tegemeo. Kituo kikafungwa. Dada wa mazoezi akaaga mama mmoja mmoja. Siku ya kutoa vitu, fundi akaitwa kwa mara ya nne, safari hii kukikata kibao. Akaja na msumeno wake wa chuma. Alipokuwa anapiga magoti kwenye nguzo akapita mama wa Sekela, mtoto mgongoni. Mtoto wa miaka tisa, wapendwa, miguu inaning'inia mpaka chini ya magoti ya mama yake, na kwenye kapu vile vyuma.

Fundi akainuka. "Mama, shikamoo. Hivyo ni vitu gani?"

"Marahaba, baba. Vyuma vya kutembelea. Havimfai tena, ni vifupi."

Fundi akavishika, akavigeuza, akavipima kwa vidole. Akamwangalia mwenyekiti aliyekuwa amesimama pale na funguo.

"Vifupi?" akasema. "Basi? Hii ni kazi ya mchana mmoja. Mabaki ya vyuma kama hivi nayatupa."

Mwenyekiti akasema polepole, "Hatukutaka kukusumbua, fundi."

Fundi akavigeuza vile vyuma mkononi mara moja tena. Halafu akasema, na sauti haikuwa ya hasira, afadhali ingekuwa ya hasira: "Mzee, mmeniita mara tatu nije nisimamishe kibao. Hamkuniita hata mara moja nije nimsimamishe mtoto."

Akauacha msumeno chini. Akavuka barabara na vile vyuma, na yule mshona makubazi, aliyekuwa pale akisaidia kutoa vitu, akamfuata nyuma bila kuambiwa. Walifanya kazi hadi jua likapinda. Walirefusha vyuma, wakaweka mikanda mipya ya ngozi laini, wakavisugua visimchubue. Vilikuwa vizuri kuliko vile vya ng'ambo.

Nawaona mnataka kusema amina. Ngojeni.

Dada wa mazoezi akaitwa kutoka alikokuwa anafunga mizigo yake. Akampakata Sekela, akaushika mguu wa kulia, akaunyoosha taratibu. Mguu ukafika nusu ukagoma. Akajaribu tena. Mtoto akang'ata khanga ya mama yake asilie. Akajaribu wa kushoto. Akavilaza vile vyuma vipya kando yake kwenye mkeka, akasema, "Magoti yameshaganda. Mwaka jana vingeingia."

Fundi akauliza, "Mwaka jana mwezi gani?"

Mwaka jana yeye alikuwa pale pale, na ngazi yake na ndoo ya rangi, anaipaka ile mikono miwili inayosalimiana.

Mama wa Sekela akavipokea vile vyuma kwa mikono yote miwili. Akashukuru. Naam, akashukuru! Akavifunga kwenye khanga, akamrudisha mwanawe mgongoni, akaenda zake. Huo ndio mwisho wa mfano, na natamani ungekuwa na mwisho mwingine. Nimejaribu kuubadilisha tangu Jumatatu, haukubali.

Sasa sisi.

Sisi tukisikia neno kuchangisha tunafikiria mgeni rasmi, na maturubai, na barua yenye mhuri. Tunafikiria mtu wa mbali mwenye kitu. Kuomba kwa jirani tunaona ni kujivua nguo. Lakini niwaulize: mwenyekiti yule alikuwa anamlinda nani? Alikuwa analinda kituo, au alikuwa analinda kiti chake cha mbele? Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kilichoumbuka hakikuwa kiburi cha mzee mmoja, yalikuwa magoti ya mtoto.

Tena tusimsikitikie Sekela peke yake. Msikitikieni na yule fundi. Alikuwa na mkono wa kutoa, na sisi tukaufunga. Alinyimwa thawabu yake mlangoni pake mwenyewe. Mpaka leo, akiinua kinyago chake cha kuchomelea, anatazama pale palipokuwa na kibao. Kumwambia mtu ukweli wa shida yako, ukamwomba kitu kimoja anachokiweza, si kumdhalilisha wala kujidhalilisha. Ni kumheshimu. Ni kumwambia: nimekuona, najua una kitu, na kitu hicho kina kazi.

Kwa hiyo ninyi ambao majina yenu yananong'onwa hapo nyuma, sikilizeni. Kura hii haiwapi kiti cha harusini. Atakayechaguliwa aje na chake kwanza, kama ni kushona ashone, kama ni viazi alete viazi, ndipo afungue mdomo kwa mwingine. Na akifungua mdomo asiseme "vifaa mbalimbali". Aseme: mzee fulani hajapata blanketi, na baridi ni ya mwezi wa saba. Na mfanyakazi akiingia kikaoni na kitu mkononi, msogeze sambusa.

Nina swali moja, nalo si la mafumbo, nataka jibu. Kituo chetu cha wazee, pale darajani, kina kibao kizuri. Nimekisoma jana nikiwa nawaza maneno haya. Bado kina jina la watu walioondoka miaka miwili iliyopita. Mkabala nacho kuna nyumba yenye geti la buluu. Nani hapa anamjua mwenye nyumba ile kwa jina?

Nangoja.

Hata wewe, mzee wa kanisa? Hata wewe, mama mweka hazina?

Mimi pia simjui. Ni mchungaji wenu mwaka wa tano huu, kila Alhamisi naegesha baiskeli yangu kwenye geti lake, naingia kuwaombea wazee wapate msaada, natoka, naondoka. Juzi nilimkuta anafagia. Aliniambia, "Karibu, mchungaji," nami nikamjibu nina haraka.

Uchaguzi utangoja kidogo. Chukueni makoti yenu, nje kuna upepo. Tunakwenda darajani sasa hivi, kwa miguu, sisi ambao miguu yetu inanyooka, na mimi ndiye nitakayebisha hodi.