Mikunga Wanene wa Semhando

Mtu mmoja alikuwa na shamba lililopitiwa na mto, na ndani ya mto mlikuwa na mikunga, wale samaki warefu wenye umbo la nyoka. Mtu huyo jina lake Semhando. Mikunga hao huzaliwa baharini, hupanda mto wakiwa wembamba kama uzi, hukaa vidimbwini miaka mingi, kisha hushuka tena baharini kuzaa na kufa. Semhando alijenga ukuta wa mawe kukatisha mto, apate maji ya kumwagilia vitunguu. Miaka ikapita, na kila mkunga aliyevuliwa juu ya ukuta alikuwa mnene kuliko wa mwaka uliotangulia. Watu wakamsifu, naye akaamini kwamba ukuta ndio uliowanenepesha.

Hata hivyo alipenda elimu. Akamwita Bi Mwanjaa, mtafiti wa samaki, aje apime. Mwanjaa akashinda majini wiki sita, akatoka na jibu: hawa wanene ni wazee. Mdogo hayumo hata mmoja. Watoto wanafika chini ya ukuta, wanashindwa kupanda, wanakaukia maweni. Akamshauri atandaze kamba nene ya usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, juu ya ukuta, ilowe maji, na watoto watapanda wenyewe. Kazi ya asubuhi moja, wala hakuna kitunguu kitakachokosa maji.

Semhando alifurahi mno. Akamkirimu chai na mihogo, akaitundika ripoti sebuleni, na kila mgeni akaonyeshwa. Kamba hakuweka. Alisema ni vizuri kupima tena mwaka ujao, wasije wakakurupuka.

Mwanjaa akarudi mwaka wa pili, na wa tatu. Jibu lilikuwa lile lile, ila mikunga walikuwa wachache zaidi. Sasa hata chai alikunywa amesimama. Mwaka wa nne alikuja na kamba yenyewe begani. Semhando akaipokea kwa mikono miwili, akamshukuru sana, akaiweka stoo, akasema italetwa kikaoni.

Mwaka wa sita hakukuvuliwa kitu. Semhando akatuma watu mbio wakamwite Mwanjaa. Mwanjaa alimkuta mzee ukingoni, analia kweli kweli.

"Binti yangu," akasema, "hebu ingia upime, tujue tatizo ni nini."

Mwanjaa hata viatu hakuvua. "Mzee Semhando, tatizo umelijua tangu mwaka wa kwanza. Ulichokuwa unangoja ni jibu lisilokutaka unyanyue mkono."

Akaondoka, na hakuitwa tena.

Waumini wenzangu, msinitikisie vichwa kwa kukubali. Kila nikimaliza kusema mnanizunguka pale mlangoni pa kanisa, mnanipa mkono, mnaniomba Jumapili ijayo nije niwafafanulie zaidi. Haya, niambieni leo: katika yote niliyokwisha kuwaambia, ni lipi ambalo hamjalielewa?