Sikio la Kulia

Hapo zamani, si zamani sana, maana wagomvi wake bado wanagombana, alikuwapo mjane mmoja, Bi Msimu, na sungura wake jike, Halua. Nyumba nzima ilikuwa yao wawili. Bi Msimu akipika, Halua yupo. Akishona, Halua yupo. Akisengenya, Halua anasikiliza, na yeye si kama majirani, hapeleki maneno.

Basi Halua akaugua sikio. Akainamisha kichwa upande, akakataa mchicha, akakataa hata karoti. Bi Msimu akaona anabaki peke yake duniani. Akatoka mlangoni akilia: "Jamani, huyu ana mimba! Atakayemponya, mtoto wa kwanza nampa!"

Akaja Mzee Kombo, mtengeneza dawa za mifugo. Akapiga magoti, akatazamana na Halua uso kwa uso, akamchungulia masikio, akatoa kichupa. "Mtieni matone asubuhi na jioni, sikio la kulia." Akaenda zake harusini, safari ya siku kadhaa.

Dawa ipo, nani wa kumshika mgonjwa? Akaja Makame, mchukuzi wa magunia sokoni. Akamviringisha Halua kwenye kanga, akamkumbatia. Halua akamparura shingo, akamng'ata kidole. Makame hakuachia. "Tieni upesi, nakufa mwenzenu!"

Bi Msimu akafumba macho asione, kichupa akakishika Hidaya, muuza maandazi. Hidaya akagusa sikio moja, Halua kimya. Akagusa la pili, Halua akalia, kilio chembamba cha kutia huruma. "Hili hapa," Hidaya akasema, akatia matone.

"We Hidaya!" akapiga kelele Bi Msimu. "Hilo la kushoto!"

"Shangazi, si kasema la kulia? Hili ndilo analolilia."

"Kulia kwa mkono wa kulia, mwanangu, si kulia kwa machozi! Umeniulia Halua wangu!"

Lakini jioni Halua akatafuna jani moja la mchicha. Nani tena angebadili sikio? Wakaendelea na lilelile, Makame akishika, Hidaya akitia, mpaka kichwa kikanyooka. Bi Msimu akapiga vigelegele, akamkumbatia kila aliyepita, hata yule anayemdai pesa za maji.

Mzee Kombo aliporudi, akachungulia, akakohoa. Ugonjwa ulikuwa kushoto. Siku ile alipotazamana na Halua uso kwa uso, kulia alihesabu kwa mkono wake mwenyewe, si kwa upande wa Halua.

Halua akazaa. Mtoto mmoja tu.

"Wangu," akasema Mzee Kombo. "Bila dawa yangu mngemtia nini, mafuta ya maandazi?"

"Wangu," akasema Makame, akionyesha shingo. "Bila mimi dawa ingeishia sakafuni."

"Wangu," akasema Hidaya. "Wewe Mzee ulikosea sikio, na wewe Makame ulishika tu. Mimi ndiye niliyemsikiliza mgonjwa."

"Ulimsikiliza?" akafoka Mzee Kombo. "Ulikosea Kiswahili, ukapatia sikio!"

Bi Msimu anawatazama, Halua anamtafunia mchicha mapajani, na kwa furaha aliyonayo hawezi kumnyima yeyote. Amewaachia ninyi mliokaa hapa. Haya, semeni: mwenye dawa, mwenye mikono, au mwenye kukosea? Je, nani alistahili?