Kaseti ya Hamdani

Sogeeni karibu. Nina kesi, na mahakimu ni ninyi. Mwenye moyo mwepesi atoke sasa, asije akanilaumu.

Palikuwa na watu watatu mjini Tanga. Mhina alikuwa na vidole: kila gemu ya zamani aliisumbua mpaka ikatoa kasoro zake. Mwantumu alikuwa na macho: alifanya kazi miaka tisa na wahandisi wa barabara kutoka Japani, na Kijapani alikisoma kama mnavyosoma gazeti. Bi Saumu alikuwa na subira tu. Mwanawe, Hamdani, alifariki akiwa na miaka ishirini, akamwachia kaseti ya gemu ya Kijapani aliyoicheza hadi mwisho. Shujaa wa humo alimpa jina lake mwenyewe. Kila Ijumaa mama aliwasha, akamtembeza Hamdani uwanjani kidogo, akazima. Hakuwa na picha ya mwanawe iliyotembea isipokuwa hiyo.

Sasa, kuna chama kinachoweka rejesta ya kasoro za gemu za zamani, hasa zile zilizomo katika matoleo ya lugha za kigeni. Masharti yake ni makali: kasoro irekodiwe kwa video isiyokatwa, kwenye kaseti halisi, wala si nakala. Na kila kasoro hupewa jina la mtu mmoja.

Mhina ndiye aliyeigundua. Ukimaliza gemu ile, ukaenda kulala nyumba ya wageni na mfuko umejaa, kumbukumbu yote inafutika. Alijua kwa kuwa ilimfutia ya kwake kabla hajarekodi, kisha betri ya kaseti yake ikafa, ikawa haihifadhi kitu.

Mwantumu ndiye aliyeielewa. Alisoma maandishi ya matoleo yote, akaona kwamba katika lile la Kijapani pekee swali la kulala limebadilishana mahali na swali la kufuta. Bila maelezo hayo, chama kisingeipokea.

Bi Saumu ndiye aliyetoa kaseti.

"Tutarekodi tu, mama," Mhina alimwambia.

"Hamdani atabaki?"

"Atajulikana hadi Japani."

Kikulacho ki nguoni mwako. Kamera ikawashwa. Mhina akaujaza mfuko, akamfikisha shujaa mlangoni pa nyumba ya wageni. Hapo Bi Saumu akanyoosha mkono. "Nipe. Kumlaza mwanangu, nitamlaza mwenyewe."

Swali likatokea kwenye skrini. "Linasema nini, Mwantumu?"

Mwantumu alilisoma lote. Liliandikwa wazi: ufute kila kitu? Kamera ilikuwa inaendelea kurekodi.

"Anaulizwa kama amechoka, mama. Bonyeza hapo."

Mama akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, kisha gemu ikaanza upya, mahali pa jina pakiwa patupu.

"Hamdani yuko wapi?"

"Video imetoka safi," alisema Mhina. Wallahi, ndivyo alivyosema.

Chama kikajibu kwa furaha: leteni jina moja ndani ya siku tatu, la sivyo kasoro itaandikwa haina mwenyewe. Wakaanza kugombana mbele ya mama.

"Mimi ndiye niliyeiona!"

"Uliona usichokielewa. Mimi ndiye niliyewaeleza."

Bi Saumu akawangoja wanyamaze. "Andikeni Hamdani. Bila yeye msingekuwa na cha kufuta."

"Marehemu hakugundua kitu," alisema Mhina.

Mwantumu akainamisha kichwa. "Mama, unataka jina lake likae juu ya kitu kilichomfuta?"

Mama alilia kwa sauti, nami sioni aibu kusema kwamba nililia naye.

Siku ya tatu ndiyo leo. Yupo aliyegundua akaficha, yupo aliyesoma akadanganya, na yupo mama aliyemfuta mwanawe kwa kidole chake mwenyewe. Haya, waheshimiwa mahakimu: mngeandika jina la nani? Na nani kati yenu atakwenda kumwambia Bi Saumu?